Somo Dogo Nachagua Mwenyewe

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Fomu ya Chuo Kikuu imefika! Bahasha ya kaki, jina langu limepigwa taipu: Bwana Ambokile Asajile. Bwana! Nimemwonyesha mdogo wangu Tulia hilo neno Bwana mara tatu. Mara ya tatu akasema ameliona, na kwamba ng'ombe bado hajakatiwa majani.

Somo kuu wameshaandika wao: Uchumi. Safi sana. Chini yake kuna mstari mmoja mtupu: Somo dogo. Nichague moja katika orodha yao. Takwimu, Kilimo, Historia, Jiografia, Kiswahili, Mahusiano ya Kimataifa. Nafasi katika kila somo ni chache. Fomu isainiwe na mzazi, igongwe muhuri wa kata, ifike Dar es Salaam kabla ya tarehe thelathini. Isipofika, nafasi yangu anapewa mwingine. Wameandika hivyo hivyo, bila hata pole. Wameleta nakala mbili, moja ya kutuma, moja ya kubaki nayo.

Wengine wangehangaika. Mimi ni mchumi, sihangaiki, nachagua. Na nimeshachagua: Mahusiano ya Kimataifa! Kuanzia hapa kwetu mpaka Ikuti hakuna aliyelisoma. Enzi hizi za soko huria wageni wanaingia kwa kila mlango, lazima awepo mtu wa kukaa nao mezani. Mtu huyo huvaa suti. Suti ninayo, ya mitumba, mkono mmoja tu ndio umezidi mwenzake.

Takwimu siigusi. Hisabati na mimi tuliachana kidato cha nne, na hakuna aliyelia.

Shida ni mbili. Ya kwanza, Baba. Baba analima chai na ndizi, ni mzee wa kanisa, hajui kusema uongo hata kwa mgonjwa. Mchungaji akitangaza kwamba ibadani walikuwa watu mia mbili, Baba humngoja nje amwambie walikuwa mia na tisini. Amesema hatii sahihi yake chini ya mstari mtupu. Niandike kwanza, ndipo asaini. Akaongeza kwamba yeye angependa Kilimo, kwa sababu wanunuzi binafsi siku hizi wanakuja na mizani zao na maneno yao, na mkulima amebaki kutikisa kichwa tu. Nikamjibu kwa ukali kwamba sikusoma miaka yote hii ili nirudi kulisomea jembe. Nilimjibu moyoni.

Shida ya pili ni Ezron. Nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tumesoma darasa moja tangu la kwanza. Naye kapata Uchumi, Chuo kile kile! Nafasi chache, na Ezron yupo. Akiwahi Mahusiano, nimekwisha.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda Tukuyu kufanya utafiti wa soko. Swali langu: taifa linahitaji somo dogo gani? Nimewauliza watu tisa. Simon wa mitumba akaniambia kama nanunua suruali ninunue, kama sinunui nisimzibie wateja. Mama mmoja wa viazi akauliza kama Mahusiano ya Kimataifa ni ile kazi ya kukagua pasi pale Kasumulu mpakani. Nikamwambia ni zaidi ya hapo. Akasema zaidi ya hapo ni Malawi. Waliobaki hawakujibu. Utafiti umeonyesha kwamba taifa halijui linachohitaji, kwa hiyo naendelea na msimamo wangu.

Kwenye kona ya soko nikakutana na Ezron. Akauliza nimechagua somo gani dogo. Nikakohoa. Nikamuuliza yeye. Akakohoa! Ameanza kuniiga mpaka kikohozi.

Ndipo wazo likanijia. Zuri mno. Nikapita kwa Mwalimu Felista, yule wa kutoka Bukoba anayefundisha sekondari, nikamwomba kitabu cha kilimo kinene kuliko vyote alivyo navyo. Akafurahi, akanipa kimoja kizito kama tofali. Akasema lakini kwa mtu wa Uchumi, ushauri wake ni Takwimu. Nikamshukuru kama mtu anavyomshukuru nesi aliyeshika sindano.

Mpango ni huu. Nitatembea na kitabu hiki kijiji kizima. Ezron ataamini nachukua Kilimo. Kwa kuwa ni Ezron, atakimbilia Kilimo ili aniwahi. Mahusiano itabaki tupu, inanisubiri. Thubutu mtu aniambie sina akili!

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepita mbele ya nyumba ya kina Ezron mara tatu na kitabu kifuani, jalada likitazama nje. Mara ya tatu mama yake akaniuliza kama nimepoteza kitu. Lakini Ezron aliliona jalada! Niliona macho yake yanasoma. Amemeza chambo.

Narudi nyumbani kwa mwendo wa mshindi, nikamkuta Baba njiani na kapu la chai mgongoni. Akasimama. Akakitazama kitabu. Akatua kapu, akavua kofia, akajifuta mikono kwenye suruali, akakipokea kwa mikono miwili. Akafungua penye picha ya mche wa chai. Kisha akamwita Mama kwa sauti ambayo sijaisikia tangu matokeo ya kidato cha sita.

Mama amechinja kuku.

Nilitaka kueleza. Kweli nilitaka. Lakini kuku alikuwa ameshachinjwa, na habari ya namna ile huielezi kuku akiwa sufuriani. Nimekula paja.

Jumapili, 8 Septemba

Lo! Wakati wa matangazo Baba akasimama. Akasema kijana wake amechagua Kilimo, kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu. Mchungaji akaniita mbele, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea nisisahau udongo. Kwaya ikaimba beti nne. Wazee wakanishika mkono na kusema ndaga fijo, asante sana, kana kwamba nimeshawaletea mbolea.

Ezron alipiga makofi. Nilimwangalia sana. Alipiga polepole, kama mtu mwenye jambo kichwani. Ana mpango huyu.

Sitishwi na makofi wala kwaya. Mstari bado mtupu, na kalamu iko mfukoni mwangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Asubuhi yote watu mlangoni. Sasa naitwa Bwana Shamba! Mmoja kaleta jani la mgomba lenye madoa. Mwingine anauliza kwa nini ng'ombe wake anakula sabuni. Nimewajibu wote kwamba jambo lao lahitaji uchunguzi.

Mama Tumpe, jirani yetu mjane, alikuja na swali la maana. Ana mikungu kumi na mmoja iliyokomaa. Lori la ndizi linakuja Jumatano, na mnunuzi kataja bei ya kutupa. Afanyeje? Hapo nikasimama. Hilo si la Kilimo, hilo ni la Uchumi! Nikamweleza nadharia ya mahitaji na ugavi. Bidhaa ikipungua sokoni, bei hupanda. Azuie ndizi zake wiki moja. Mnunuzi atarudi kwa magoti.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia imeandikwa.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeonewa. Siku hii iandikwe kwa wino mweusi.

Baba alikuja asubuhi na kalamu yake ya kuandikia mambo ya kanisa, akaketi, akasema niandike, maana siku zinakwenda. Nikasema bado natafakari. Akauliza natafakari nini na kanisa limeshaomba. Mkono wangu, si mimi, mkono wangu ukaandika KILIMO. Baba akasaini taratibu, jina lote mpaka la babu.

Nikasema basi nitaipeleka fomu ofisi ya kata mwenyewe. Nilikuwa na wembe mpya mfukoni. Wino wa kalamu ukiukwangua kwa subira hutoka, kila mwanafunzi anajua. Baba akasema la hasha, furaha hii aipeleke yeye. Akavaa koti, akaenda nayo.

Fomu iko mikononi mwa Ikupa, karani wa kata. Ya Ezron iko naye pia. Bwana Mtendaji yuko Mbeya kwenye semina, lakini kamwachia Ikupa muhuri. Atazigonga wiki ijayo, na Alhamisi tarishi atazipeleka posta Tukuyu na baiskeli.

Ile nakala ya pili ninayo, ila haina sahihi ya Baba. Kughushi sighushi. Mimi si mhalifu. Mimi ni mtu anayehitaji dakika mbili na fomu yake.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekwenda kwa Ikupa. Nikamwomba fomu nihakikishe jina langu limeandikwa sawa. Akasema fomu imeletwa na Mzee Asajile, atakayeitoa ni Mzee Asajile. Nikamsifia kitenge chake. Akaniambia mumewe ana mikono mikubwa.

Lakini mtu mwenye elimu hatoki mahali mikono mitupu. Nimetazama vizuri. Ofisi ina mlango mmoja na dirisha moja. Fomu ziko mezani chini ya jiwe. Na nimekumbuka jambo. Ikupa ni mkwe wa Mzee Ambindwile!

Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani uso. Mmoja akipita njia ya juu, mwingine hushika ya chini. Jina la mzee mkwe halitajwi kabisa. Wa mjini wameanza kulegeza, lakini ukoo wa Mzee Ambindwile haujalegeza hata uzi. Tangu Ikupa aajiriwe, mzee hajakanyaga ofisi ile, shida zake hutuma mtu. Na Ikupa akimwona kwa mbali tu, lazima atoke ampishe.

Atoke ofisini. Aache fomu mezani.

Nimecheka peke yangu njia nzima. Mtu mmoja akanisalimu "Ugonile" na nikamjibu kwa Kiingereza.

Jumatatu, 16 Septemba

Nataka kuandika kwa utulivu. Mpango wenyewe haukuwa na kosa. Kosa ni la ukungu.

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Ambindwile. Nikamwambia mnunuzi mpya kaleta mizani ofisini ili wazee waikague. Mzee anachukia mizani za wanunuzi kuliko anavyomchukia ngedere. Akauliza kuhusu yule mtu wa pale ofisini, bila kutaja jina. Nikamwambia hayupo, yuko Mbeya semina pamoja na Bwana Mtendaji. Akawa ameshachukua fimbo kabla sijamaliza.

Hesabu yangu: Ikupa atamwona mzee kupitia dirishani, angali mbali. Atatoka haraka kwa mlango, heshima itunzwe, mtu asiaibike. Mzee ataanza kutafuta mizani nje. Mimi naingia, nakwangua, naandika, natoka.

Lakini ukungu ulishuka mpaka magotini! Ikupa hakuona kitu. Alipoinua macho, baba mkwe wake alikuwa amesimama kizingitini, mzima mzima, na fimbo. Mlango ni mmoja. Ikupa akajifunika kitenge usoni akapita dirishani. Akakwama kiunoni. Nikasikia anamwita Yesu. Kisha dirisha likamwachia, akaanguka kwenye kabichi za Bwana Mtendaji. Na alikuwa akigonga mihuri! Kwa hiyo alikwenda na muhuri mkono mmoja na fomu mkono wa pili.

Mzee naye akajifunika uso kwa kofia, akageuka, akakimbia bila kuona, akaukumbatia mlingoti wa bendera kwa paji la uso. Akaanguka chali.

Nikabaki ofisini peke yangu na wembe, natazama jiwe juu ya meza tupu.

Nani akatokea kwenye ukungu wakati huo? Ezron! Amekuja kuulizia fomu yake. Akamtazama mzee chini ya bendera. Akamtazama Ikupa kwenye kabichi. Akautazama wembe. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia utafiti.

Jumanne, 17 Septemba

Ofisi ya kata imefungwa. Ikupa ametuma neno kwamba hatatia mguu pale mpaka aibu iondolewe mbele ya wazee. Ufunguo anao, muhuri anao, fomu zetu mbili zimo kwenye kikapu chake uvunguni. Moja tu ameigonga, na hasemi ya nani. Mzee Ambindwile amelala akitazama ukuta. Hali chakula. Akiletewa uji anauliza atawezaje kula mtu aliyevuliwa heshima.

Tarishi anaondoka keshokutwa. Safari yake nyingine ni tarehe ishirini na sita, na barua ya Dar huchukua wiki nzima ikibahatika. Nikikosa hii ya keshokutwa, Chuo kwaheri. Kwaheri somo dogo na kwaheri somo kuu! Nitabaki hapa na suti yangu nikikata majani ya ng'ombe.

Ezron amekuja. Nilijiandaa kwa matusi, nina yangu mazuri. Hakutukana. Alisema tu kwamba mama yake amechuma chai ya watu miaka minne, mvua na baridi, ili yeye afike kwenye fomu ile. Akasema hivyo akaondoka. Nilijisikia vibaya sana. Nilijisikia vibaya mpaka nikamaliza kikombe cha chai. Halafu nikakumbuka kwamba huyu ni Ezron, na ananifanyia makusudi.

Mchana akaja Mama Tumpe. Hakubisha hodi. Alitua mkungu mmoja mlangoni. Njano! Kumi na mmoja yote imeiva, lori halibebi ndizi mbivu, na mnunuzi hajapiga goti. Aliniambia yale maandishi yangu yaliyoandikwa niyale. Nikaanza kumweleza kwamba katika muda mrefu soko hujirekebisha. Akasema katika muda mfupi atanipiga na kikapu.

Ndizi hazijasoma nadharia, ndiyo matatizo yake.

Jumatano, 18 Septemba

Wazee wamekaa nyumbani kwa Mzee Ambindwile. Yeye ndani amelala, mlango wazi asikie. Ikupa nyuma ya nyumba, na wanawake. Mimi katikati, kwenye kigoda kifupi kuliko vyote.

Swali lilikuwa moja. Nani alimwambia mzee kwamba yule mtu hayupo ofisini?

Nilikuwa nimetayarisha utetezi wa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilihusu namna mila hii inavyopunguza ufanisi wa ofisi za serikali. Nikasafisha koo. Nikainuka. Na hapo nikaona Baba ameshasimama.

Akasema neno lile lilitoka nyumbani kwake. Akasema yeye ndiye aliyesikia vibaya habari za semina, akadhani wote wamekwenda Mbeya, akamtuma kijana kwa mzee bila kuuliza vizuri. Kosa ni lake. Analipa yeye.

Baba! Baba wa mia na tisini! Sauti yake haikutikisika, ila kofia alikuwa ameikunja mpaka imekuwa kamba.

Kila mtu pale alijua si kweli. Niliona kwenye macho yao. Lakini nani atasimama amwambie mzee wa kanisa anasema uongo, na yeye hajawahi? Mwisho sauti ya Mzee Ambindwile ikatoka ndani, ikasema imetosha, mtu mzima akikiri hasukumwi. Baba akatoa kondoo dume, yule wa kahawia aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya Krismasi. Wanawake wakapiga vigelegele kule nyuma, Ikupa akaitwa anawe uso, mambo yakaisha. Mzee akaomba uji. Akauliza pia kama ile mizani imefika.

Tulirudi pamoja, Baba mbele, mimi nyuma. Hakunisemesha njia nzima. Ningepigwa ningejua la kufanya.

Alhamisi, 19 Septemba

Asubuhi Baba akaniita, akasema nilete ile nakala ya pili. Kumbe anajua kwamba ipo! Tulia, bila shaka. Baba akasema wembe pia aliuona, Ezron hakusema, aliuona mwenyewe mfukoni mwangu Alhamisi ile, na akajiambia labda kijana ameanza ndevu.

Akasema alinitaka nisome Kilimo kwa sababu amechoka kusimama mbele ya mizani kama mtoto aliyefukuzwa ada. Hilo tu. Lakini hataki mtoto anayehitaji wembe ili amwambie baba yake hapana. Akasema ningesema tu. Angekasirika siku mbili, ya tatu tungekula pamoja.

Halafu akachukua kalamu ya kanisa, akasaini. Chini ya mstari mtupu. Jina lote tena, mpaka la babu. Akasema nikaandike ninachotaka huko huko ofisini, yeye hana haja ya kuona. Akachukua kapu lake akaenda kwenye chai.

Nilikaa na fomu ile muda mrefu. Sijui kwa nini ilikuwa nzito.

Kisha nikakimbia. Ikupa kafungua ofisi. Hakunitazama, alinyoosha tu mkono. Nikaandika mbele yake, herufi kubwa: MAHUSIANO YA KIMATAIFA. Akaichana ile ya zamani vipande vinne, akaigonga mpya muhuri kwa nguvu hadi jiwe likaruka mezani. Saa nne tarishi akapanda baiskeli na fomu zetu zote mbili.

Nimeshinda! Iandikwe hapa na isomwe na vizazi. Dhidi ya baba, kanisa, kata na ukungu, nimeshinda.

Jumamosi, 21 Septemba

Nilipaswa kuwa na furaha leo. Nilivaa suti kabisa, nikaketi nje.

Tulia akaja na habari. Ezron amechagua Kilimo. Nikaruka juu! Si nilisema? Amemeza chambo changu! Tulia akasema hakumeza chochote, alitaka Kilimo tangu kidato cha tano. Aliponiona na kile kitabu alikosa usingizi, akidhani namchukulia nafasi, na siku ile kanisani alipiga makofi huku akijikaza asilie. Jana alikwenda kwa Mama Tumpe, akamfundisha kukausha zile ndizi mbivu juani na kuziuza vipande vipande shuleni. Mama Tumpe anamwita mwanangu.

Sikujali. Nikanyoosha miguu, nikaenda kuzunguka shamba. Na kule nikawaona. Baba na Ezron, katikati ya chai yetu. YETU! Kitabu cha Mwalimu Felista kimefunguliwa, Baba kashika upande mmoja, Ezron upande mwingine. Ezron anaonyesha kitu kwenye ukurasa, kisha kwenye mche. Baba anauliza, anajibiwa, anauliza tena. Halafu akacheka. Kwa sauti, kichwa nyuma, kama kijana. Sikujua Baba anacheka hivyo. Miaka yote hii sikuwahi kumchekesha hivyo.

Iliniuma. Nimeandika mara moja, siandiki tena.

Nikasimama pale nyuma ya mgomba, nikafikiri kichumi, na jambo likawa wazi. Kilimo ni changu! Nani alitangazwa kanisani? Nani aliwekewa mkono kichwani? Kuku wa nani alichinjwa? Ezron amejipenyeza kwenye soko lililokwisha kuwa na mwenyewe. Na Mahusiano ya Kimataifa, nikiitazama vizuri, ni kweli iko mbali kidogo. Ni Malawi, kama alivyosema yule mama.

Baba anasema ningesema tu. Sawa, lakini kusema ni njia ndefu. Mfuko wa barua za Dar hauondoki Tukuyu mpaka Jumatatu. Nina wembe.

Nimeteremka mpaka posta na suti yangu. Karani ni mama mmoja mpole, Mnyakyusa wa huku huku. Nimemsalimia kwa adabu, nimemuuliza habari za watoto, nimenunua stempu moja. Kisha nikamwuliza, kwa heshima zote, ameolewa katika ukoo gani, na baba mkwe wake siku za Jumatatu huwa anapatikana wapi.